Mlembe, asali na mtoto wa miezi minne

Wiki iliyopita nilikuwa Sikonge, mkoani Tabora, kwa kazi nyingine kabisa. Mzee mmoja mrina asali akanialika niingie naye porini asubuhi. Hatukwenda mbali, akasimama na kuniashiria ninyamaze. Juu ya mti kulikuwa na ndege mdogo wa rangi ya majivu na kahawia, akipiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti chenye njiti.

"Mwanangu, huyo anatuita," akasema.

Huyo ni mlembe, ndege wa gramu 50 hivi. Anajua nyuki wako wapi, ila hawezi kupasua gogo wala hana moshi wa kuwatuliza. Anachokitaka hasa ni nta, chakula ambacho ndege wachache sana wanaweza kukimeng'enya. Kwa hiyo anamtafuta binadamu. Anaruka mti hadi mti, anakusubiri, ukifika anaruka tena.

Kaskazini mwa Msumbiji, katika hifadhi ya Niassa, Wayao humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake waliupima mlio huo, na mwaka 2016 wakaeleza kuwa ulipandisha uwezekano wa kupata kiota cha nyuki kutoka asilimia 17 hadi 54. Hapa kwetu, Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Mlembe wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa watu wa eneo lake.

Malezi yake, hata hivyo, si hadithi ya kumsimulia mtoto kabla ya kulala. Mama mlembe hajengi kiota. Hutaga kwenye shimo la ndege mwingine, kwa mfano keremkerem, na mara nyingi huyatoboa mayai anayoyakuta. Kinda wake huanguliwa kipofu, hana manyoya, lakini ncha ya mdomo wake ina ndoano kali. Kwa ndoano hizo huwauma makinda wa mwenye nyumba mpaka wafe, kisha hulishwa peke yake kwa takriban mwezi mmoja. Wazazi wake halisi hawamlei kabisa, na bado akikua anajua kuongoza watu.

Nilirudi Dar es Salaam na chupa ya asali. Nyumbani nikamkuta wifi yangu na mtoto wake wa miezi minne, ana mafua na kikohozi. Kabla sijakaa, mama alikuwa ameshachovya kidole kwenye asali.

"Mama, subiri kwanza."

"Nyie wote niliwalambisha. Mbona mko hai?"

Ni kweli, na ndiyo maana swali lake ni gumu kulijibu. Watoto wengi hulambishwa na hawapati shida. Lakini asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria waitwao Klostridiamu. Tumbo la mtu mzima huzizuia. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Huanza na choo kigumu, kisha sauti ya kulia inafifia, kope zinalegea, anashindwa kunyonya, shingo haina nguvu. Ikifika kwenye misuli ya kupumua, ni hatari ya kifo. Kuichemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo, wala kuichanganya kwenye uji. Ukiziona dalili hizo, mkimbize hospitali na useme kama alipewa asali.

Mtoto wetu tulimnyonyesha mara kwa mara na kumsafisha pua. Nilimwambia wifi kwamba akianza kupumua haraka au kifua kikibonyea ndani, tusisubiri asubuhi.

Mama akafuta kidole kwenye khanga. "Na huyu wa miaka mitano, naye umemkatalia?"

Nikasema huyo apewe kijiko kidogo kabla ya kulala, asali inatuliza kikohozi, ila apige mswaki. Akailamba huku nikimsimulia habari za mlembe. Makinda waliouawa niliwaruka. Alitaka kujua jambo moja tu: yule ndege alipewa chake?

Alipewa. Mzee alikata kipande cha sega, akakiweka juu ya jani pembeni ya mti, tukaondoka.