Mishkaki ya Uwani, na Makaa Yasiyoingia Ndani



Mwaka jana tulizungumza juu ya pilau, na wengi wenu mlinipigia simu, baadhi kwa kunishukuru na baadhi kwa kunisahihisha. Mwaka huu vijana wamenitaka niandike juu ya mishkaki, kwani siku hizi theluji ikishayeyuka tu, nyua za jamaa zetu kuanzia Scarborough mpaka Mississauga zote zinafuka moshi. Lakini kijana mmoja aliniuliza suali lililonitia hofu: "Mjomba, baridi ikirudi, si tunaweza kulitia jiko gerejini?" Nitamjibu, ila nianze na vyombo na viungo, asije akasema kuwa kazi ya mwalimu ni kukataza tu.

Kwetu Unguja seredani ilitutosha. Nyama tuliitunga kwenye spoku za baiskeli, na mtoto mmoja akapewa upepeo wa ukili apepee mpaka mkono umchoke. Hapa mimi natumia jiko la duara lenye kifuniko, nalo lina asili ya baharini. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber kule Illinois, Marekani, alilikata boya la chuma nusu mbili. Nusu ya chini ikawa jiko na ya juu ikawa kifuniko. Faida yake ni kwamba mafuta ya nyama yakidondoka na moto ukaruka, unafunika, hewa inapungua, na moto unatulia bila ya kumwagia maji. Sindano za kutungia nunueni za chuma bapa, kwani zile za mviringo ukizigeuza hugeuka peke yake na nyama ikabaki pale pale.

Makaa ya hapa ni ya namna mbili. Yako ya magogo, kama tuliyoyazoea, na yako yale matofali madogo ya unga wa makaa ulioshindiliwa. Haya ya pili Henry Ford, yule wa magari, aliyatengeneza kwa wingi katika miaka ya 1920 kutokana na mabaki ya mbao za viwanda vyake. Matofali hukaa na moto sawasawa kwa muda mrefu. Magogo huwaka kwa ukali zaidi na majivu yake ni machache. Yoyote mtakayochagua, msiyawashe kwa mafuta, kwani harufu yake huingia katika nyama. Upo mkebe mrefu wa bati uliotobolewa chini: tia gazeti chini, makaa juu, washa, kisha subiri kama dakika 20. Makaa yakivaa jivu jeupe, yamwage jikoni, mengi upande mmoja na machache upande wa pili, ili nyama ipate pa kuivia na pa kupumzikia.

Ama viungo, kila nyumba ina yake, nami sitaki ugomvi. Changu ni hiki kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mishipa: kijiko kimoja cha tangawizi iliyopondwa, kimoja cha thomu, ndimu moja, nusu kijiko cha bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, pilipili manga, pilipili mbichi kwa kadiri ya wageni wako, na chumvi. Papai bichi lililoparwa, kijiko kimoja tu, na litiwe saa moja au mbili kabla ya kuchoma. Papai lina kitu kinachovunjavunja nyama. Ukililaza nalo usiku kucha, asubuhi utakuta uji. Katika kutunga, baina ya vipande vya nyama tia kipande cha mafuta. Kuku na kababu za kusaga visichomwe kwa kukisia, bali nunueni kipimajoto: kuku afike nyuzi 74, na nyama ya ng'ombe ya kusaga nyuzi 71. Chatini ya ukwaju haihitaji mwalimu.

Wanaotaka kubanika samaki kwa moshi, jiko hilo hilo linafaa. Mpake nguru chumvi, muweke upande usio na makaa, tia juu ya makaa vipande vya mti wa mtufaa au wa mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, kisha funika. Msitumie msonobari kwa utomvu wake, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Sasa nije kwenye suali la gereji.

Mwezi wa Januari 1999 Toronto iliangukiwa na theluji ya zaidi ya mita moja katika muda wa wiki mbili, hata Meya Mel Lastman akaliita jeshi lije kusaidia. Siku chache baadaye ikaingia Idd el-Fitr. Uwa wangu ulikuwa umezikwa. Jiko nililifukua kwa sepetu. Wageni wako njiani, nyama imekwisha tungwa. Nikaona busara kuliweka jiko gerejini, nikauinua mlango mkubwa nusu ili moshi utoke, nikajisifu kwa akili zangu.

Gereji ile ilikuwa imeshikana na jiko la nyumba, na kila sahani iliyoingia ilifungua mlango. Juu yake kulikuwa na chumba, na baada ya Magharibi tuliwalaza humo watoto wanne. Kwanza wanawake walilalamika vichwa. Kisha kijana mmoja akatapika. Watu wakaanza kuitazama nyama, nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumlaumu muuza nyama. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani, hakusema habari za nyama. Aliuliza neno moja tu: "Makaa yako wapi?" Nilipomwonyesha, akapiga ukelele: "Watoeni watoto!"

Tuliwabeba katika mablanketi mpaka nje kwenye theluji. Watatu waliamka njiani. Mdogo kabisa hakuamka, mpaka baridi ilipompiga usoni. Hapo akalia, na tangu siku ile sijasikia kilio kitamu kama kile. Wazimamoto walikuja na kipimo chao, wakafungua milango na madirisha yote, na sisi tukapelekwa hospitali kuvutishwa oksijeni. Tulirudi alfajiri, sote wazima.

Mama mkwe hakuwa amesoma sayansi. Lakini alikumbuka kwamba mzazi alipokuwa katika arubaini yake, seredani ilitiwa chumbani kumpa joto, na mkunga hakai mpaka dirisha limefunguliwa. "Makaa yana usingizi wake," alituambia. Mimi nilikuwa mwalimu, na gesi ile nimeiandika ubaoni mara nyingi kwa herufi mbili, CO, yaani kaboni monoksidi. Nilijua kwamba haina rangi wala harufu, na kwamba hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nilijua yote hayo, lakini nyumbani mwangu sikuitambua.

Ndugu zangu, makaa hayajabadilika. Iliyobadilika ni nyumba. Kule tulipikia uwani, na hata chumbani upepo ulipita madirishani na kwenye matundu ya juu ya milango. Nyumba za hapa zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na joto lisipotoka, sumu nayo haitoki. Mwaka 2008 familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, ilikufa katika mji wa Woodstock hapa Ontario kwa gesi hiyo hiyo, kwa sababu bomba la kutolea moshi wa meko yao ya gesi lilikuwa limeziba. Sheria ya 2013 inayotulazimisha kuweka king'ora cha gesi hii imepewa jina lao, Hawkins-Gignac. Na mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo, barafu ilipokata umeme kwa wateja wapatao 300,000 wa Toronto, wako waliowasha majiko ya makaa ndani ili wapate joto.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Jiko la makaa lisiingie ndani, wala gerejini hata mlango ukiwa wazi wote, wala kwenye hema lililofungwa. Likae mbali na madirisha. Moto ukionekana umekufa, makaa yangali yakitoa sumu kwa saa nyingi. Yaacheni nje usiku kucha, kisha majivu yatiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko. King'ora kiwe karibu na vyumba vya kulala, na betri ibadilishwe. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja katika nyumba moja, msiitazame nyama: tokeni nje wote, kisha pigeni 911. Wanaokaa katika majengo ya ghorofa wasome masharti ya jengo lao kabla ya kununua jiko lolote. Baridi ikizidi, nyama ichomwe katika oveni. Haitakuwa na ladha ile, lakini tutakuwepo wa kulalamika.

Kijana aliyeniuliza suali ndiye yule mdogo tuliyembeba akiwa hajaamka. Yeye hakumbuki kitu, na sasa ana watoto wake. Mama mkwe wangu ametangulia mbele ya haki. Mkikaa uwani mwaka huu, mishkaki ikiwa motoni na watoto wakikimbizana, msomeeni Fatiha.

Mwenye namna yake ya chatini ya ukwaju aniletee kabla ya kitabu cha mwakani. Wassalaam.