Mkuki wa babu kwanza
Hapa Igawa, Usangu, kikao cha mirathi kikikaa, huhesabiwa majaruba ya mpunga, ng'ombe na nyumba. Mkuki wa babu na kigoda chake aghalabu havitajwi, nami naona hilo ni kosa kubwa. Neno mirathi, kama ndugu zake urithi na warithi, lilitoka Kiarabuni likiwa na hesabu zake: fungu la huyu, fungu la yule. Lakini ipo mali isiyogawika. Mfano ni fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe: alipofariki mwaka 1898, Wajerumani walichukua kichwa chake. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliwaamuru kurudisha fuvu lile, na bado Wahehe walingoja mpaka Juni 19, 1954, ndipo Gavana Twining wa Tanganyika alipomkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa katika makumbusho ya Bremen. Miaka 56, kwa kitu kisicholimika wala kuuzika! Sasa limehifadhiwa Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Wazee wangu wa Usangu, kikao kijacho anzeni kwa kuuliza mkuki uko wapi na nani ataulinda, ndipo mfike kwenye majaruba.