"Vipimo Vyako Viko Sawa, Mama"

Ipo sentensi moja ambayo wagonjwa wenye upungufu wa homoni ya thairoidi huisikia mara nyingi kuliko wanavyopenda: "Vipimo vyako viko sawa, mama." Husemwa kwa nia njema. Mgonjwa hushukuru, hukunja cheti chake na kurudi nyumbani na uchovu wake uleule, choo kigumu kilekile, baridi inayomfanya ajitande kanga mbili mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, na nywele zinazobaki kwenye chanuo kila asubuhi. Kisa hiki hakina mwenyewe mmoja. Hujirudia kliniki hata kliniki.

Tezi dundumio, ambayo wengi huiita tezi ya shingo, hutengeneza thairoksini, homoni inayoongoza kasi ya shughuli za mwili mzima. Inapolegea, mgonjwa hupewa levothairoksini ya kumeza kila siku, aghalabu kwa maisha yote. Mizani ya matibabu ni kipimo cha TSH, homoni itokayo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo: thairoksini ikipungua, TSH hupanda. Maabara nyingi huihesabu kuwa ya kawaida ikiwa kati ya takriban 0.4 na 4.0. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kamili wakifika hapo. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba 5 hadi 10 katika kila 100 huendelea kuwa na dalili ilhali TSH imetulia, na wengine wengi hawafiki hapo kabisa ingawa dozi imekwisha kupandishwa mara mbili au tatu.

Mbele ya mgonjwa wa namna hii, tabibu hukabiliwa na vishawishi viwili: kumwaga kwa upole, au kumwongezea dozi ili aondoke ameridhika. Vyote viwili ni makosa. Dozi iliyozidi huufanya moyo upige bila mpangilio na huidhoofisha mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Linalotakiwa kwanza ni swali, na swali hilo si "Unameza dawa?", kwa maana hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Swali ni "Unaimezaje?"

Levothairoksini ni dawa yenye deko. Hutaka tumbo tupu na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Akiimeza kwa chai ya maziwa, kwa kahawa au pamoja na uji wa lishe wenye soya, mgonjwa hupoteza sehemu ya dozi bila kujua. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kutuliza tindikali ya tumbo huishika ndani ya utumbo isifyonzwe, ndiyo maana hutenganishwa nayo kwa saa 4. Omeprazoli, ambayo watu hununua duka la dawa kama wanunuavyo peremende, nayo hupunguza ufyonzwaji wake.

Anayestahili kuangaliwa zaidi ya wote ni mjamzito. Mahitaji yake ya thairoksini hupanda tangu wiki za mwanzo, na ubongo wa mtoto katika miezi hiyo hutegemea homoni ya mama. Wakati huohuo kliniki ya wajawazito humpa vidonge vya madini chuma. Naye, kwa kuwa ni mwangalifu na hataki kusahau, huvimeza vyote kwa pamoja asubuhi. Hapo uangalifu wake ndio unaomponza, na hakuna aliyemwambia. Dawa ya tezi ibaki alfajiri, vidonge vya damu vihamie mchana au usiku.

Anayefunga Ramadhani anaweza kuimeza anapoamka, nusu saa au zaidi kabla ya daku, au usiku, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Mahali pa kuhifadhia pia paulizwe: dawa hii huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na mkoba unaoshinda juani si mahali pake.

Yuko pia anayeruka dozi kwa sababu fedha zimekwisha, kisha akameza kwa bidii siku chache kabla ya kupimwa. Majibu yake huwa ya kutatanisha: thairoksini ya kutosha na TSH iliyopanda. Akigombezwa, mara ijayo ataficha. Na dozi ikibadilishwa, TSH isipimwe tena kabla ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa mwili hauwahi kutulia chini ya muda huo.

Iwapo umezaji ni sahihi na TSH imetulia, uchovu utafutiwe sababu nyingine: upungufu wa damu, kisukari, sonona, ukomo wa hedhi, kukoroma kunakokata pumzi usingizini. Pale kinga ya mwili inapokuwa ndiyo iliyoishambulia tezi, huweza kushambulia na kwingineko, hata vitamini B12 isifyonzwe, au tezi zilizo juu ya figo zikashindwa kazi. Mgonjwa anayekonda, anayeona kizunguzungu akisimama na ambaye ngozi yake inazidi kuwa nyeusi asiongezewe levothairoksini kabla ya tezi hizo kuchunguzwa. Kumwongezea kunaweza kuhatarisha maisha yake. Kuhusu uzito, aambiwe ukweli mapema: dawa huondoa kilo chache tu. Na kuongeza homoni ya pili, T3, bado hakujathibitishwa na tafiti kuwa bora kwa wagonjwa kwa ujumla. Ni jaribio la kusimamiwa na daktari bingwa, si la kununuliwa mkononi.

Siku ya kliniki, mgonjwa aje na pakiti zote anazotumia, zikiwamo zile asizozihesabu kuwa dawa. Aliyenyonyoka nywele mara nyingi amekwisha kununua vidonge vya biotini, navyo huweza kuvuruga upimaji wa baadhi ya mashine za maabara, TSH ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Avisimamishe walau siku 2, ndipo damu ichukuliwe.