Kupiga Kopi si Kufilisika

Bendi ya roki ikipanda jukwaani na wimbo wa zamani wa mtu mwingine, hakosekani wa kusema hao wamefilisika. Madai huwa ni yaleyale, na yanawavunja moyo wanamuziki wanaofanya kazi halali. Yanastahili kujibiwa.

Wanasema kwanza kwamba anayepiga kopi hana chake. Basi waanze na Beatles. Kabla ya kujulikana, vijana hao walikesha kwenye klabu za Hamburg, Ujerumani, wakipiga nyimbo za Wamarekani kama Chuck Berry na Little Richard. Albamu yao ya kwanza, Please Please Me ya 1963, ina nyimbo 14, na 6 kati ya hizo si zao. “Twist and Shout” ulikuwa umeshatamba mwaka mmoja nyuma kwa sauti za Isley Brothers, na hata wao hawakuwa wa kwanza kuurekodi. John Lennon aliuimba mwishoni mwa siku ndefu ya studio, ana mafua, koo limekwaruza, na mkwaruzo huo ndio ulionasa masikioni mwa watu. Huwezi kuuchambua wimbo wa mwenzako kodi (chord) kwa kodi, ukajua kiitikio kinaingia wapi na kwa nini, halafu ukabaki vilevile. Na si wanafunzi tu wanaofanya hivyo. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alipoimba na Queen uwanjani Wembley mwaka 1986, alikuwa na nyimbo zao wenyewe za kujaza usiku mzima. Bado aliimba “Tutti Frutti” wa Little Richard.

Dai la pili husemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba wimbo wa kwanza daima ndio bora. Sikiliza “All Along the Watchtower” kama Bob Dylan alivyourekodi mwaka 1967. Gitaa kavu, kinanda cha mdomo, besi na ngoma, basi. Anasimulia kama mtu asiye na haraka. Mwaka uliofuata Jimi Hendrix akauchukua. Maneno ni yaleyale, lakini gitaa la umeme linafungua kwa kishindo, na katikati solo inabadilika sura mara kadhaa: mara nyuzi zinalia kwa kuteleza, mara gitaa linanung'unika kama mtu anayetaka kusema, mara linageuka midundo ya kodi. Hofu iliyokuwa imejificha ndani ya mashairi ya Dylan inatoka nje. Dylan mwenyewe alikiri baadaye kwamba tangu Hendrix afariki, mwaka 1970, amekuwa akiupiga kwa namna ile. Mtunzi akikubali kufuata njia ya aliyemkopi, sisi wasikilizaji tunabisha nini?

Vivyo hivyo Joe Cocker. “With a Little Help from My Friends” wa Beatles ulikuwa wimbo mwepesi wa dakika mbili na ushee, ameuimba Ringo Starr kwa utani wa marafiki. Cocker akaupunguza mwendo, akabadili mapigo yakawa ya tatu tatu, akaweka kinanda na waitikiaji wa kike, kisha akauimba kama mtu anayeomba kuokolewa. Mwaka 1968 ulishika namba moja Uingereza. Kwangu mimi huo ni utunzi wa pili juu ya utunzi wa kwanza.

Sikatai kwamba zipo kopi zilizopoa, za bendi inayoiga hata kikohozi cha mwimbaji wa kwanza. Lakini udhaifu huo ni wa bendi hiyo.

Dai la tatu ni zito: kwamba kukopi ni wizi. Hapa mambo mawili yanachanganywa. Sheria ya Marekani tangu 1909 inamruhusu mtu kurekodi wimbo uliokwishatolewa, mradi amlipe mwenye haki ya utunzi. Kopi inayotaja jina la mtunzi humpa pesa, na mara nyingi humpa wasikilizaji wapya. Wizi ni kulificha jina. Led Zeppelin walipotoa “Whole Lotta Love” mwaka 1969, maneno yake mengi yalitoka kwenye wimbo wa Willie Dixon uliokuwa umerekodiwa na Muddy Waters, na Dixon hakutajwa. Alishtaki mwaka 1985, wakaelewana nje ya mahakama, na leo jina lake limo. Waswahili tunaujua uchungu huo: “Malaika” umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M., umezunguka dunia nzima, na mabishano ya nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim, hayajaisha.

Kwa hiyo bendi ikikupigia wimbo wa zamani ukaupenda, ucheze na uilipe kiingilio chake bila kinyongo. Kisha uliza wimbo ni wa nani, umtafute mtunzi, umsikilize naye.