Nani Anayekata Maneno Yetu?

Katika likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Pemba, nikaitwa Wete na mzee mmoja aliyenisomesha zamani katika shule ya msingi. Maalim huyu amestaafu siku nyingi, na tangu ujana wake ni mtunzi wa mashairi. Alikuwa amekusanya diwani yake, akaipiga chapa mwenyewe kwa kompyuta ya mjukuu wake, akauza ng'ombe mmoja ili kulipia uchapaji, na nakala 200 zikavuka bahari kumfikia. Nilimwamkia, tukanywa kahawa, kisha akafungua kasha moja, akanipa kitabu, akanyamaza akinitazama.

Sikufika mbali kabla ya kuelewa kwa nini nimeitwa. Katika dibaji neno "nyumbani" lilikatwa mwishoni mwa mstari likawa "nyum-bani", na "wananchi" likawa "wan-anchi". Katika mashairi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mishororo ilivunjika, utao ukashuka chini ya ukwapi kama mtu aliyejikwaa, na vituo vya beti kadhaa vilihamia ukurasa wa pili peke yao. "Mwanangu," akasema Maalim, "wewe umeyasomea mambo haya Ulaya. Niambie, ni nani aliyekata maneno yangu? Maana mimi sikuyakata."

Hapa visiwani, na Tanzania kwa jumla, wapo walimu na watunzi wengi ambao huandika, hupanga kurasa na hulipia vitabu vyao wenyewe. Tangu Pemba ilipopata umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kompyuta majumbani si kitu cha ajabu tena. Lakini mtunzi akikutana na kasoro katika programu ya kupanga kitabu, huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ama mashine ina mdudu, ama yeye mzee hajui mashine. Majibu yote mawili siyakubali. Kasoro hizi zina sababu, sababu hizo zaweza kutafutwa kwa njia ileile tunayowafundisha wanafunzi katika maabara, na nyingi kati yake zatokana na jambo moja: programu inafuata kanuni za lugha nyingine.

Nianze na kukatwa kwa maneno. Zamani aliyekata neno mwishoni mwa mstari alikuwa binadamu. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, aliendesha chapa ya misheni yake huko, na vijana wakafundishwa kupanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja. Mpangaji huyo alikijua Kiswahili, kwa hiyo mstari ulipomjalia alijua pa kukatia. Leo mpangaji wa herufi amo ndani ya programu, naye asipoambiwa vingine hudhani kwamba kila anachokipanga ni Kiingereza.

Na Kiingereza ni lugha ngumu kuikata. Mwaka 1983 Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, alimaliza tasnifu yake juu ya suala hili hasa. Alipitisha orodha ndefu ya maneno ya kamusi katika kompyuta, akapata ruwaza karibu 4,500 za herufi zinazoonyesha mahali panapofaa na pasipofaa kukatwa. Njia yake imeenea duniani, na lugha nyingi zimetengenezewa ruwaza zake. Lakini ruwaza za Kiingereza zikikutana na "nyumbani", huona m na b zimesimama pamoja, nazo katika Kiingereza aghalabu ni mwisho wa silabi moja na mwanzo wa nyingine. Hapo huweka kisu.

Sasa tazama ajabu ya jambo hili. Kiswahili hakihitaji ruwaza 4,500. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kanuni moja, yaani kata baada ya irabu, yatosha kwa sehemu kubwa ya maandishi yetu: nyu-mba-ni, wa-na-nchi, ki-nyu-me, ng'o-mbe. Hata ile m inayojitegemea kuwa silabi haiharibu kanuni, kwani "hamna" likikatwa "ha-mna" halina dosari. Taabu huja katika maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na kwingineko, kama vile "labda", "maktaba" na "daftari", ambayo yana silabi zinazoishia kwa konsonanti: lab-da, mak-ta-ba, daf-ta-ri. Kwa hayo ongeza kanuni ya pili, kwamba konsonanti mbili zisizoweza kuanza silabi ya Kiswahili zitenganishwe, na ya tatu, kwamba herufi moja isiachwe peke yake mwishoni mwa mstari. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeonja uandishi wa programu aweza kuiandika kazi hii kwa mistari michache, kisha akaijaribu kwa ukurasa mmoja wa gazeti ili aone inakosea wapi. Lugha iliyo nyepesi mno kwa mashine ndiyo iliyohudumiwa vibaya na mashine, na sababu yake si ugumu wa lugha.

Kwa Maalim dawa ilikuwa fupi. Katika programu za kuandikia ipo orodha ya lugha, na Kiswahili kimo. Mwandishi achague maandishi yote, si aya moja, kisha aipe programu lugha hiyo. Kama programu haina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, ukataji uzimwe kabisa, kwa maana neno lisilokatwa ni bora kuliko neno lililokatwa vibaya. Mpangilio huohuo wa lugha ndio uliokuwa umembadilishia "i" kuwa herufi kubwa kila alipoandika "i wapi", kwa kuwa kwa Mwingereza herufi hiyo ikisimama peke yake maana yake ni "mimi". Ndio pia uliokuwa ukianzisha neno kwa herufi kubwa kila baada ya "n.k.", kwa kuiona ile nukta kuwa ni mwisho wa sentensi. Marekebisho haya ya papo kwa papo yaweza kuzimwa moja moja. Nakiri kwamba nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari ughaibuni, kwa Kiingereza, niliyaona kuwa msaada, wala sikujiuliza yalikuwa yakimsaidia nani.

Ama kuvunjika kwa mishororo, hilo lina asili nyingine, na hapa Maalim mwenyewe alikuwa na sehemu yake. Alijifunza kuandika kwa taipureta. Katika mashine ile kila herufi hupewa upana uleule. I na m hulipa nauli moja. Kwa hiyo mtunzi aliyetaka ukwapi wa mizani 8 usimame mkono wa kushoto na utao wa mizani 8 mkono wa kulia aliweza kuhesabu nafasi kwa kidole, na safu zikanyooka kama mikarafuu iliyopandwa kwa kamba. Fonti nyingi za kompyuta hazifanyi hivyo. Ndani yake m hukalia eneo pana kuliko i mara mbili au tatu, hivyo vipande viwili vyenye mizani 8 kila kimoja havina urefu sawa kwenye karatasi. Maalim alizinyoosha safu zake kwa kubonyeza kibao cha nafasi mpaka jicho likaridhika, na kwa karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210, jicho liliridhika.

Kitabu, hata hivyo, kilikuwa cha ukubwa wa A5, yaani upana wa milimita 148. Ukiondoa pambizo hubaki kiasi cha milimita 108 za kuandikia, na Maalim alikuwa amechagua herufi za pointi 16 ili wazee wenzake wasome bila taabu. Mshororo wa mizani 16, pamoja na zile nafasi zote za katikati, haukuenea. Ukurasa ulipobadilishwa, programu ilifanya ilichoamriwa, ikaumwaga utao katika mstari wa chini. Mtunzi mwingine niliyemwona Chake Chake alipatwa na kinyume chake: kurasa zake za A4 zilipunguzwa kama picha. Kila urefu ukazidishwa kwa 0.707, herufi za pointi 12 zikawa pointi 8 na nusu, na wasomaji wake wakalazimika kutafuta miwani. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kipeuo cha pili cha 2 wenye maana katika maisha anaweza kuanzia hapo.

Jinsi ya kuliona kosa la namna hii ni jambo ambalo kila mwandishi angefundishwa siku ya kwanza. Programu zina kitufe, aghalabu chenye alama inayofanana na P iliyogeuzwa yenye miguu miwili, kinachofichua alama zisizochapwa. Nilipokibonyeza katika faili la Maalim, kioo kilijaa vidoti vya nafasi kama dagaa walioanikwa, na chini ya kila shairi kulikuwa na safu ndefu ya aya tupu alizoziweka ili shairi lifuatalo lianze ukurasa mpya. Alitazama akacheka mwenyewe. Kitufe hicho ni hadubini ya mwandishi, nacho huonyesha kitu gani hasa kimeandikwa, mbali na kile kinachoonekana kwa macho matupu.

Tiba ni kuiambia programu sehemu za kitabu ni zipi, badala ya kuzichora. Hiki ni kichwa cha shairi. Huu ni ubeti, usigawanywe kati ya kurasa mbili. Hapa ndipo ukurasa mpya unapoanza. Ukwapi na utao vikae katika jedwali la safu mbili lisilo na mistari. Kisha kila kundi la sehemu lipewe mtindo wake mara moja tu. Ukibadilisha ukubwa wa karatasi, programu hupanga upya bila kuvuruga kitu, na yaliyomo hujitengeneza yenyewe. Aidha faili lipelekwe kwa mchapaji likiwa la PDF lenye fonti zake ndani. Likipelekwa lile la kuandikia, nayo mashine ya mchapaji haina fonti hiyo, itatumia nyingine yenye upana tofauti, na kurasa zote zitasogea.

Kuna kasoro nyingine ambazo hata hadubini hiyo haizionyeshi. Ritifaa ya ng'ombe, kwa mfano, yaweza kuwa ile iliyonyooka, ambayo namba yake katika mfumo wa Unikodi ni 39, au ile iliyopinda, namba 8217, au nyingine tena, namba 700. Kwa macho zinakaribiana, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi tatu mbalimbali, na katika faharasa ng'ombe mmoja aweza kulala katika mazizi mawili. Na anayetaka kuchapa mashairi ya kale kwa hati ya Kiarabu, jinsi yalivyoandikwa na wahenga, atakuta baadhi ya fonti hazina herufi za p, ch, v na g zilizoongezwa, akapata visanduku vitupu. Tungo za Kamange na Sarahani zilipotolewa katika "Kale ya Washairi wa Pemba" mwaka 2011, wahariri walikuwapo wa kuyaangalia mambo kama hayo. Mtunzi anayejichapishia hana mhariri ila yeye mwenyewe na jirani anayejua kusoma.

Na faili likikataa kabisa, je? Mtu mmoja aliniletea kitabu cha kurasa 256 ambacho programu ilizimika kila alipojaribu kukigeuza kuwa PDF. Alikuwa amekwisha kufuta picha mbili, kubadilisha fonti na kuhamia kompyuta nyingine, yote kwa siku moja, hata hakujua tena lipi limefanya nini. Tulitengeneza nakala, tukaikata katikati. Nusu ya kwanza iligeuka salama, ya pili ikazima programu. Hiyo ya pili tukaikata tena. Kwa kuwa 256 ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 8, majaribio 8 tu yalitufikisha kwenye ukurasa mmoja, wenye picha iliyonakiliwa vibaya kutoka simu. Kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kuandika matokeo, kugawa tatizo nusu kwa nusu: hii ndiyo sayansi yenyewe, wala haihitaji mizani ya maabara wala kemikali.

Ndiyo maana siridhiki na jinsi somo la kompyuta linavyofundishwa katika shule nyingi nilizozitembelea. Mwanafunzi hukariri majina ya sehemu za mashine, na akipewa kazi ya kuandika, hupewa alama kwa kurasa zinazopendeza. Ningependa apewe faili lililoharibika, aulizwe limeharibikaje, na asiruhusiwe kulitengeneza mpaka ameandika dhana yake na jinsi atakavyoijaribu. Najua mwalimu mwenye kompyuta 5 na wanafunzi 60 atanicheka. Lakini zoezi la kukata maneno lafanyika kwa kalamu, na lile la kugawa nusu kwa nusu lafanyika kwa kitabu chochote na karatasi moja iliyofichwa ndani yake.

Maalim hakuwa na fedha za kuchapa upya nakala zote 200. Alichapa 40. Kabla ya hapo mchapaji alimpelekea kurasa za majaribio, na usiku mmoja simu yangu ililia. Ukurasa wa 43, akasema, una "I" kubwa katikati ya mshororo. Nikamwuliza kama nimsaidie. "La," akajibu, "ubeti ule niliunakili kutoka faili la zamani, umekuja na lugha yake. Nimekwisha kuugeuza." Kisha akaniuliza kama faili la mwenzake wa Micheweni, ambalo namba za kurasa zake huanza upya kila sura, anaweza kulitazama yeye.