Jina la Mtakatifu Langoni Lina Deni

Hebu hesabu shule zinazoitwa Mtakatifu Fulani. Vidole vitakuishia kabla hujatoka kaunti yenu. Jina liko langoni, liko kwenye sweta, liko ubavuni mwa basi. Nami nauliza: je, mwenye jina akipita langoni humo leo, atajua kwamba ni kwake?

Chukua Yohane Bosco, padri wa Italia aliyezaliwa mwaka 1815. Mji wa Torino enzi zake ulijaa vijana waliotoka mashambani kutafuta vibarua, wengine wakiishia jela. Akawakusanya, akawapa pa kulala, akawafunza ushonaji, useremala na uchapaji. Aliwaandikia hata mikataba na mafundi wao ili wasinyonywe.

Alipoanzisha shirika lake mwaka 1859, hakulipa jina lake. Alichagua la Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, mtu aliyesifika kwa upole. Ndiyo maana wanaitwa Wasalesiani. Hapo ndipo penye hoja yangu: jina lile lilikuwa deni, na walimu ndio waliopaswa kulilipa kila siku.

Mwaka 1877 aliandika jinsi ya kulea vijana. Kumpiga kijana kwa namna yoyote, kumpigisha magoti akaumia, kumvuta masikio, yote aliyakataa kabisa. Alisema sheria yakataza, tena mambo hayo humuudhi kijana na kumshushia mlezi hadhi. Mwaka 1877, jamani! Hapa Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakazia. Hata hivyo, shule moja niliyosoma zamani (siitaji) ilikuwa na mtakatifu aliyechorwa ukutani akitabasamu, na chini ya picha hiyo hiyo tulilala kifudifudi kungojea fimbo kwa kuchelewa gwaride. Ati nidhamu!

Wapo watakaonijibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Naam, lakini Bosco hakuwa mlegevu hata kidogo. Alimtaka mwalimu awe katikati ya wanafunzi, uwanjani na karakanani, ili kosa lizuiwe kabla halijatendwa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kiboko. Kiboko huchukua dakika mbili, mwalimu akarudi kwenye chai yake.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi. Mwalimu kuwa kila mahali kunaweza kugeuka upelelezi, na sisi wa bweni twamjua anayenyata dirishani usiku. Lakini Bosco alitaka urafiki. Mwaka 1884, akiwa Roma, aliwaandikia watu wake barua ya masikitiko: walezi wamejitenga na vijana wakati wa michezo, na imani kati yao imepoa. Haya yalitokea katika nyumba aliyoianzisha kwa mikono yake! Sembuse kwetu, ambako jina tumelirithi tu pamoja na majengo?

Basi ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Ijumaa jioni, saa za michezo, wawili tu watoke majilisi waje uwanjani, lile daftari la watoro walifungie mezani. Kidato cha Tatu hatuna golikipa.