Ufunguo wa maabara anao nani?

NDUGU msomaji, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wakubwa wetu hupanda jukwaani na wimbo ule ule: watoto wa siku hizi hawapendi sayansi. Wavivu! Wanakimbilia masomo ya mteremko! Wakishamaliza hupanda mashangingi yao, vumbi wakatuachia walalahoi, na mwalimu wa fizikia akabaki na kipande chake cha chaki.

Huo ni uongo wa mchana kweupe. Mtoto wa Kitanzania hakimbii sayansi, anafukuzwa. Kaa na mtoto wa miaka mitano jioni moja tu uone maswali yake. Atabomoa redio ya baba yake awatafute watu wanaosema humo ndani. Huyo ni mtafiti tayari! Sasa muulize akifika kidato cha pili. Kimya. Nani alimnyamazisha?

Nitakusimulia habari ya kweli, maana wengi wanaijua nusu nusu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayatia kwenye jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa inakwisha. Mpemba hakusubiri, akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake yaliyoingia baridi bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akafika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu: kijana akikosea hesabu kidogo tu, anaambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Lakini mchana mmoja Mpemba akaikuta maabara ya baiolojia iko wazi, mwalimu hayupo. Akaingia, akachukua vyombo viwili, kimoja maji ya moto, kingine ya bomba, akajaribu mwenyewe. Baadaye akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake, wenzake wakamcheka. Msomi yule hakuwa na jibu, na hakuona aibu kutokuwa nalo. Alirudi Dar, akataka jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha katika jarida la fizikia. Hadi leo wataalamu wa dunia wanabishana, wapo wanaokubali na wapo wanaokataa, lakini wote wanalitaja kwa jina la Mpemba. Mtoto aliyechekwa mara mbili!

Tazama kilichomwokoa. Mlango uliokuwa wazi, na mtu mzima mmoja aliyesema sijui, ngoja tujaribu. Hivyo viwili ndivyo ninavyovitafuta katika shule zetu za kata, na sivioni.

Tuanze na mlango. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara: fizikia, kemia na baiolojia. Nani alijenga? Wewe. Ulitozwa mchango ukiwa mkulima, ukiwa mama lishe, ukiwa mwendesha bodaboda, na kama ulichelewa unajua mwenyewe ulivyosumbuliwa. Muda ukaisha, ukasogezwa. Majengo mengi yakasimama, viongozi wakakata utepe, picha zikapigwa.

Mwandishi wa makala haya alikwenda kuangalia jengo moja la aina hiyo, katika wilaya ambayo sitaitaja ili mkuu wa shule asije akahamishwa. Kufuli lilikuwa limeota kutu. Dirishani niliona madawati mabovu yamepangwa hadi darini, na sinki ambayo haijawahi kuona tone la maji. Nikaambiwa panafunguliwa karibu na mtihani wa taifa. Maana yake mtoto anakutana na kifaa siku ile ile anayopimwa nacho! Hilo si jipya. Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa na mtihani mbadala wa vitendo, yaani mtoto anafanya vitendo kwa kalamu, juu ya karatasi. Ungekubali dereva wa basi lako awe amejifunzia karatasini?

Mtu je? Mwaka 2014 Serikali hii hii ya CCM ilianzisha stashahada maalumu Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa kuwa walimu wa sayansi na hisabati hawakutosha. Mei 2016 vijana zaidi ya 7,000 wa kozi hiyo wakapewa saa 24 wawe wameondoka chuoni. Rais Magufuli akawaita vilaza, nchi nzima inasikia. Baadaye wengi wao wakapangiwa vyuo vya ualimu waendelee, kumbe walifaa! Ewe mzazi, baada ya kiroja kile, ungemshauri mwanao akasomee ualimu wa fizikia?

Sasa nakugeukia wewe mwalimu, unayesoma gazeti hili kwa kuazima. Usidhani umesalimika. Mshahara wako ni mdogo, darasa limefurika, najua. Lakini ni nani anayempa kiranja daftari aandike notisi ubaoni huku wenzake wananakili Kiingereza wasichokielewa? Ni nani anayemwambia binti kuwa fizikia ina wenyewe? Fimbo anayopigwa mtoto kwa kukosa jibu haihitaji bajeti ya wizara, na kuiacha hakuhitaji bajeti pia. Kwa miaka na miaka mwanafunzi aliruhusiwa kuacha fizikia na kemia baada ya kidato cha pili, na wengi walikuwa wanamwacha mwalimu, wala si somo.

Jiwe na uzi vinatosha kumwonyesha mtoto mwendo wa bembea. Chemsha choya, kamulia ndimu katika kikombe kimoja, tia magadi katika kingine, waache wabishane kuhusu rangi. Siku ya pili wapeleke zahanati wakamwone mtaalamu wa maabara akitafuta malaria kwa hadubini, halafu kwa fundi redio, halafu kwenye mtambo wa maji. Mtoto hawezi kutamani kazi asiyoijua. Vijijini kwetu anajua daktari na injinia tu, na wote wawili kawaona kwenye kalenda. Akimwona dada wa kwao ameinamia hadubini, kazi ile imepata sura. Na akikuuliza usilolijua, sema hujui. Osborne alisema, hakufa.

Wakubwa wasije wakayageuza maneno haya kuwa kisingizio, wakaandika waraka kuwa walimu wawe wabunifu, basi kazi imekwisha! Choya haitamfikisha mtu kidato cha sita. Zinatakiwa kemikali, maji bombani, fundi sanifu anayelipwa, na walimu wasiotukanwa hadharani. Hizo ni kodi zetu, hatuombi hisani.

Kwa hiyo msomaji, Jumatatu pita sekondari ya kata yako. Usiende kwa shari, mkuu wa shule ni mhanga kama wewe. Mwombe akuonyeshe maabara. Muulize ufunguo anao nani, na mlango ulifunguliwa lini mara ya mwisho kwa ajili ya mtoto wa kidato cha kwanza. Ikiwa risiti ya mchango wako bado ipo, nenda nayo.